Honi Tatu Fupi

Kwa miaka thelathini na mmoja Toader Hotico aliendesha garimoshi la magogo katika bonde la Lostun, na ugali wake aliupasha moto juu ya boila. Siku hizo kila behewa lilikuwa na mtu wake wa breki. Dereva akipiga honi tatu fupi, wanaume sita walikaza breki kwa pamoja, hata yule aliyekuwa katikati ya tusi.

Kisha magogo yakahamia kwenye malori. Reli ikafa, ikafufuliwa kwa ajili ya watalii. Mabehewa yakatundikwa mapazia, watu wa breki wakabaki wawili. Meneja Cornel, mtu wa mjini, akamwomba Toader apige honi kila penye mandhari nzuri. "Zile fupi fupi, mzee wangu. Wageni wanazipenda."

Toader alijua haifai. Akapiga hivyo hivyo kiangazi chote, maana alitaka kubaki juu ya ile mashine.

Jumapili moja ya Oktoba walikuwa wakishuka na abiria sabini. Mvua ilikuwa imenyesha, na majani yaliyolowa yametanda juu ya reli. Toader alipovuta breki, magurudumu ya injini yaliganda, lakini injini yenyewe haikusimama. Iliteleza kimya. Ukimya huo alikuwa ameusikia mara moja tu, siku treni ilipoacha reli kwenye kona ya daraja, huko chini, na mjomba wake akafa.

Akapiga honi tatu, akangoja mshtuko wa mabehewa yakikazwa. Haukuja. Akapiga tena, akachungulia nyuma. Grigor, mmoja wa wale wawili wa breki, ameegemea nguzo anampiga mgeni picha; mwenzake anatazama. Wageni wakampungia Toader mikono.

"Hawasikii?" akauliza Gavrilă, mchochea moto.

"Wanasikia. Pita juu ya kuni ukakaze breki ya behewa la kwanza. Ukianguka nitamwambia mkeo ulikuwa umelewa."

"Na atakuamini, ubaya ndio huo."

Gavrilă akaenda akitambaa. Toader akamwaga mchanga wote relini ili magurudumu yashike, akageuza mvuke uisukume injini kinyume. Daraja likakaribia. Kisha behewa la kwanza likagutuka, chuma kikalia, na injini ikasimama hatua chache kabla ya kona.

Abiria wakapiga makofi.

Grigor akaja akitabasamu, hadi alipouona uso wa mzee. "Nilidhani ni zile za picha, Mzee Toader."

Tusi lilikuwa tayari mdomoni. Toader akalimeza. Nani aliyemzoesha?

Zilibaki kilomita nne za mteremko.

"Washushe wote," akasema. "Watembee."

"Mzee, wamevaa viatu vya mjini," Cornel akalalamika kutoka behewani.

"Basi vitachafuka."

Akabaki peke yake ndani ya injini, vidole vimekakamaa kwenye breki, akiwatazama wakivuka daraja mmoja mmoja. Hakuiachia hadi wa mwisho alipofika ng'ambo.