Udi wa Mama na Gari la Ghalani

Kazi yangu siku hizi ni kuchunguza magari ya umeme: yanapunguza moshi kiasi gani, na yachajiwe saa gani ili taa za watu zisizimike. Wakiniuliza hamu hii niliianzia wapi, huwapa jibu la ofisini. Jibu lenyewe liko Changamwe, miaka ya themanini, katika nyumba ambayo haikuruhusiwa kunukia.

Baba alikuwa dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, katika ghala la chai karibu na bandari. Chai ina tabia ya umbea: harufu yoyote ikipita karibu, inaidaka. Ndiyo maana gari lake, tofauti na malori yaliyonguruma barabarani petu mchana kutwa, lilikuwa la betri. Na ndiyo maana wafanyakazi walikatazwa manukato. Msimamizi alisimama mlangoni kila asubuhi na pua yake, na aliyenukia alirudishwa nyumbani.

Kwa mama huo ulikuwa mtihani. Alikulia Likoni, katika nyumba ya mafundi wa udi. Alijua kuusaga, kuupika kwa sukari na kuuchanganya na marashi. Akaja kuolewa na mtu wa ghala la chai! Chetezo chake cha kufukizia kikawekwa juu ya kabati. Hata sikukuu hakujaribu, kwani moshi wa udi ukishaingia kwenye mapazia hautoki upesi. Maharusi wa majirani aliwafukizia nguo huko huko kwao, kisha akirudi anaoga kabla ya kuingia chumbani.

Ila hakukata tamaa. Kila mwaka alipika udi kidogo, akautia katika mkebe na kuuziba kwa nta.

"Siku utakayostaafu," alimwambia baba, "nitafukiza nyumba hii mpaka majirani wakashitaki."

Baba alicheka, lakini nilimwona akiutazama ule mkebe kama mtu anayejua ana deni la kulipa.

Jioni alipenda kutusimulia gari lake. Lilichajiwa mashine za kuchanganya chai zikishazimwa, maana vyote vikivuta umeme pamoja swichi kubwa hukatika na ghala zima likawa kiza. Alilisifu kuwa lina adabu, linangoja wageni washibe kwanza. Siku moja mama akamuuliza huo umeme wenyewe watoka wapi. Baba akanyoosha kidole kwenye bomba refu la mtambo wa umeme, likifuka moshi ng'ambo ya mapaa. Mama akalitazama, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Kumbe chai ndiyo isovuta moshi," akasema. "Sisi twavuta."

Nimeandika kurasa nyingi juu ya jambo hilo tangu hapo, na bado sijalimaliza. Natamani ningemsomea hata ukurasa mmoja, nimsikie akinicheka.

Hakuuona mwaka wa baba kustaafu. Katikati ya miaka ya tisini aliugua figo, akatuacha. Baada ya matanga nilifungua sanduku lake, nikauzika uso wangu kwenye kanga zake, na hazikunukia kitu. Wenzangu wameachiwa harufu za mama zao. Mimi niliachiwa usafi mtupu, na mpaka leo nikisimama kando ya basi la umeme, hewa ikawa haina harufu yoyote, wenzangu hufurahi na mimi humtamani mama.

Asubuhi ambayo baba alitakiwa kurudi kazini, niliamshwa na harufu ngeni katika nyumba yetu. Alikuwa ameivunja ile nta. Ovaroli yake ya buluu alikuwa ameitandaza juu ya chetezo, vile vile mama alivyozitandaza nguo za maharusi wa watu, na moshi ulikuwa ukipenya mikononi na shingoni. Nikamkumbusha kwamba watamrudisha. Aliivaa, akafunga vifungo vyote, akatoka.

Alirudi jua halijakuwa kali. Nikamuuliza msimamizi kamwambiaje.

"Kaniuliza nanukia nini," alisema. "Nikamwambia, mke wangu."

Akaketi barazani, na ile ovaroli hakuivua mpaka jioni.