Ufito Wenye Kitambaa Chekundu

Nyumbani kwetu chai haikuombwa kwa mdomo. Mume wangu alikunja kiganja kana kwamba ameshika kikombe, nami nikajua. Akitandaza kiganja na kukishusha, maana yake nipunguze sauti ya redio. Vidole viwili vikikaribiana, kidogo tu, usijaze. Na mimi nikikunja ngumi, hata awe katikati ya maneno, ananyamaza. Jumapili moja alisimama kanisani wakati wa harambee, kifua mbele, tayari kuahidi makubwa tusiyokuwa nayo. Nikamwinulia ngumi kutoka viti vya akina mama. Akaketi. Wageni walioketi karibu nami walidhani mmoja wetu ni bubu.

Ishara hizo hazikuzaliwa nyumbani. Zilitoka mtaroni.

Mume wangu ni dereva wa tingatinga, lile lenye mkono mrefu na ndoo ya meno. Mimi nilikuwa mtu wake wa kipimo. Tumechimba mitaro ya maji taka na ya mvua karibu kila mtaa wa Eastlands, na mingine kule Industrial Area, nyuma ya viwanda, ambako udongo mweusi unanuka rangi. Kazi yenyewe si ya kueleza kwa muda mrefu. Juu ya mtaro panapigwa vigingi, kamba inavutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kutoka kwenye kamba hiyo hadi sakafu ya mtaro panatakiwa kina fulani, si zaidi, si pungufu. Ukikosea, maji yanasimama badala ya kwenda, na choo cha jirani kinakurudia jikoni. Basi nilishuka na ufito wenye alama, nikausimamisha, nikaangalia kamba inagusa alama gani, kisha nikamwambia dereva kwa mkono, maana injini ikinguruma hakuna sauti ya mtu inayosikika. Kiganja chini, shusha ndoo. Vidole viwili, kwangua kidogo. Ngumi, simama hapo hapo.

Nilianza nikiwa kibarua wa sepetu, nikisimama getini kila asubuhi na wenzangu wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben tukingoja kuchaguliwa. Siku moja mtu wa kipimo hakufika. Dereva, ambaye wakati huo hakuwa wangu, alitoa kichwa dirishani akaninyooshea kidole.

"Yule wa gambuti za bluu. Mnipe huyo."

Vibarua walivitazama viatu vyangu vya mpira, wakacheka sana. Wiki hiyo hiyo aliniambia nifunge kitambaa chekundu juu ya ufito wangu. "Nikiona nyekundu najua uko," alisema. Nilichana leso yangu nzuri, ile ya kwendea harusi, nikafunga kipande chake kwenye ncha ya ufito. Mimi na akili zangu nililala nikiyawaza maneno hayo usiku mzima. Tulioana kabla mtaro ule haujafika barabarani.

Nilijivunia kazi ile kuliko watu walivyojivunia kazi za ofisini. Nikikunja ngumi, ndoo inasimama. Wakati mwingine ilisimama ngumi yangu haijakaza vizuri, nikasema moyoni, ona jinsi tunavyojuana. Baada ya kila kipande alishuka akachungulia ukingoni, akaniinulia kidole gumba, nami nikainua changu. Mara moja tu ndoo ilipitiliza, ikachimba chini kuliko ilivyotakiwa, ikabidi tujaze changarawe na kushindilia upya. Msimamizi alinijia juu kama moto. Mume wangu akashuka akasimama katikati yetu.

"Si yeye. Alinionyesha, mimi ndiye sikuangalia."

Niliringa kwa maneno hayo mtaani mwezi mzima. Mwanamume anayekubali kosa mbele ya watu kwa ajili ya mkewe, nani anaye?

Kisha skrini ikaja.

Ililetwa na dada mmoja mwenye kompyuta ya mkononi na heshima nyingi, hata nikashindwa kumchukia, na nilijaribu. Alifunga vidude vidogo kwenye mkono wa tingatinga, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja karibu na ndoo, akavuta nyaya hadi ndani anakokaa dereva, akabandika skrini ndogo mbele ya kiti. Akamwambia mume wangu aguse kigingi kwa meno ya ndoo, abonyeze kitufe, na hapo pakawa sifuri. Kuanzia sifuri hiyo skrini ilijua meno ya ndoo yako wapi, kina kimefika wapi, na mteremko unakwenda vipi. Ukiwa juu inaonyesha rangi moja, ukipita inaonyesha nyekundu na kupiga kelele, ukifika inakuwa kijani na kutulia. Mume wangu alicheka peke yake mle ndani.

"Na mimi?" nilimuuliza jioni ile.

"Wewe utakuwa tu hapo. Hiyo ni ya kusaidia."

Sitaki kusema uongo kwamba mashine ilikuwa mbovu. Ningependa kusema hivyo. Kila alipomaliza kipande nilishuka na ufito wangu, nikausimamisha, nikaomba Mungu, naam, niliomba hasa, alama ikose kamba. Alama iligusa kamba. Nilisogea mbele, nikapima tena. Iligusa. Sakafu ya mtaro ilikuwa nyororo na ilishuka taratibu kuelekea mtoni jinsi maji yanavyopenda. Nilitamani kuutemea mate mtaro ule.

Mume wangu hakuwa tena mtu wa kuchungulia. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, kidole gumba kimekufa. Mimi niliendelea kuinua mikono kwa mazoea. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama na ngumi juu, ndoo imeshasimama yenyewe zamani, nikasikia vicheko vya vijana wa kulaza mabomba.

"Mathe, unapungia nani? Buda ako kwa TV."

Nilimtazama huyo buda wao, mume wangu, macho kwenye skrini, nikashusha mkono. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

Siku chache baadaye msimamizi aliniita chini ya kivuli cha kontena linalotumika kama ofisi. Mume wangu alikuwepo pia, amesimama kando, kofia mkononi. Nilikuwa nimemwomba jambo moja tu tangu fununu zianze, na alikuwa ameniahidi: wakiniita, aseme ananihitaji. Sikuhitaji hotuba. Sentensi moja ya mtu anayekaa kwenye kile kiti ingetosha, kwa sababu yeye ndiye anayechimba na msimamizi anamsikiliza.

"Mama, mambo ya kushuka kwa mtaro yamekwisha," msimamizi alisema. "Mashine ikifanya kazi, hakuna mtu chini. Ni usalama wako tunaangalia."

Usalama! Miaka yote ile kuta za udongo zilipokuwa zinaninong'onea kutaka kuporomoka, usalama wangu ulikuwa wapi? Mvua ya Aprili ikijaza mtaro hadi gambuti zinateka maji, nani aliuulizia? Niligeuka nikamwangalia mume wangu na kumngoja. Alitazama kofia yake. Aliizungusha kwa vidole akaitazama tena upande wa pili, kama aliyeona imeandikwa kitu. Basi. Hivyo ndivyo unga wangu ulivyomwagika, nikakosa kazi, na mume wangu akiwa shahidi.

Jumamosi ile alinipeleka soko la Burma kula nyama choma. Aliagiza mbavu, akanichagulia vipande vya mafuta, akanisogezea kachumbari. Sikuigusa. Nilimwambia kama angetaka kunilisha angeniachia kazi nijilishe. Watu wa meza ya jirani waligeuka wakasikiliza. Alikula peke yake, polepole, kichwa chini, nami nilifurahi kumwona anavyotaabika kumeza.

Tukiwa njiani kurudi nilisema nataka kupita kazini kuchukua gambuti zangu na ufito. Askari wa geti alitufungulia. Pale kimya, hakuna injini, ni mtaro tu na tingatinga limesimama juu yake, miguu huku na huku.

"Nionyeshe kilichonilia kazi," nilisema.

Alinipandisha. Miaka yote ile, sikuwahi kukaa kwenye kiti kile. Aliwasha umeme bila kuwasha injini, skrini ikaamka na kuonyesha kitingatinga kidogo na mstari. Akaanza kunieleza, sifuri hii hapa, mteremko huu hapa. Nilimkatiza.

"Shuka. Chukua ufito wangu usimame pale nilipokuwa nikisimama."

Nilitaka aonje. Nilitaka baridi ile impande miguuni, na aione dunia kutoka mle kaburini, angalau kwa dakika moja. Hakubisha. Alishuka ngazi ya mbao, akapita chini ya mkono wa tingatinga, akaenda hadi mahali pangu. Nikageuka kumtazama.

Sikumwona.

Niliinama kushoto. Mkono mnene wa chuma ulikuwa umeziba upande mzima. Niliinama kulia, nikaona lundo la udongo na ukingo wa mtaro. Nilisimama nusu, kichwa kikagonga paa. Juu ya ukingo palikuwa na kitu kimoja tu, kipande cha leso yangu ya harusi, chekundu, kinacheza kwa upepo.

"Inua mkono!" nilipiga kelele.

"Nimeinua!" sauti yake ilitoka chini.

"Inua ngumi!"

"Si nimeinua!"

Nilikaa. Niliweka mikono juu ya zile fimbo za kuendeshea. Alipopanda tena alikuta bado nimekaa vile, naye akajua kabla sijafungua mdomo, kwa sababu hakuniangalia usoni.

"Ulikuwa unaniona?"

"Mtaro ukiwa mfupi, ndiyo."

"Na ukiwa mrefu?"

"Nilikuwa naona kitambaa. Ndiyo maana nilikuambia ufunge. Nisikugonge."

"Na mikono yangu?"

Alijifuta udongo kwenye suruali. "Mama watoto, nimechimba toka ujana. Najua ndoo ikifika. Siku ile nilipitiliza, hukuwa na kosa, na hata ungeonyesha nini nisingeona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungebaki?" Sauti yake ilipanda. "Kila msimamizi mpya aliniuliza, huyu mama ni wa nini? Nikawa nasema bila yeye sichimbi. Miaka yote. Sasa hii kitu inaandika kila kitu, wanaona ofisini. Ningewaambia nini? Ningewaambia nakuhitaji, wakacheka?"

Kuna wanawake ambao wangelia kwa furaha. Dada yangu nilipomsimulia alisema nimepata mume wa dhahabu, aliyedanganya mabosi ili nisikose kazi. Labda. Lakini mimi sikuwa naomba huruma. Nilikuwa najiona kuwa macho yake. Nimesimama kwenye matope miaka ile yote, nimepungia chuma, nikarudi nyumbani jioni mgongo ukiniuma nikiwa na fahari, kumbe nilikuwa nalindwa kama mbuzi aliyefungwa shambani, mtu anaangalia tu kamba iko wapi asimkanyage. Hasira iliyonishika pale haijaniachia hadi leo, na sijui kama inamfaa yeye au skrini au mimi mwenyewe. Ninampa yeye, kwa kuwa ndiye ninayelala naye chumba kimoja.

Ufito tuliubeba nyumbani. Sasa unashikilia kamba ya nguo uani. Kitambaa nilikifungua nikakifua, sasa nakitumia kufutia meza.

Jumatatu jioni alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa jikoni, karibu naye kiasi cha kumgusa bega, birika liko motoni. Akaniangalia, akainua mkono, akakunja kiganja kama anayeshika kikombe. Nilimtazama. Mkono ukakaa hewani, ukakaa, hadi ukaanza kuchoka.

"Sema kwa mdomo," nilimwambia. "Sikuoni."