Mke Mwenza wa Udongo

Kr-r-r-r-r, halafu tak! Hiyo ndiyo sauti ya tepu ya kupimia ikirudi ndani ya kifuko chake cha ngozi, mtu anapozungusha kile kishikio kidogo cha shaba. Naisikia mpaka leo, na nikiisikia roho inanichoma kidogo, kwa sababu aliyekuwa anazungusha si mimi. Alikuwa dada yangu, mtoto wa baba mkubwa.

Mwaka ule tulikuwa tumeshahamia kijiji kipya kando ya barabara ya kwenda Sumbawanga. Watu waliokuwa wametawanyika vilimani walikusanywa, nyumba zikapangwa mistari kama madawati ya shule, na ardhi ya nyuma ikawa shamba la kijiji. Sasa, katikati ya shamba hilo lilisimama ilungu. Ilungu ni tanuru la udongo ambalo wazee wetu Wafipa waliyeyushia mawe ya chuma wakapata majembe. Lilikuwa refu kuliko nyumba yetu, pana chini, jembamba juu, na mlango mmoja mkubwa wa kuinamia na matundu madogo yamezunguka chini kote ya kuingizia upepo. Lilijengwa na babu yetu na wenzake. Babu alikuwa ameshafariki, na moto wa mwisho ulizimika humo baba yangu akiwa bado anabebwa mgongoni.

Mimi nililipenda ilungu lile kwa sababu zangu. Nilipomaliza la saba na kukosa pa kwenda, nilikuwa naingia ndani nalala chali, natazama juu kipande cha mbingu mviringo kama sahani. Humo ndani nilishakuwa watu wengi: mtangazaji wa redio, mtawa, rubani wa ndege. Sauti inarudi vizuri sana mle. Nilisoma taarifa ya habari mpaka mbuzi wakawa wananichungulia mlangoni.

Mwenyekiti wa kijiji hakulipenda. Trekta lilikuwa lije kutoka mjini kabla ya mvua, na dereva alishasema hataki vitu vya kuzungukazunguka.

"Ndugu zangu," mwenyekiti alituambia mkutanoni, "tunalima mahindi au tunalima makumbusho?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ndipo ikaja Landrova ya mpimaji. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani na sauti ya taratibu, ametumwa na serikali apite uwanda wetu wote kuyapima malungu, kuyachora na kuyapiga picha kabla hayajaisha. Alimweleza mwenyekiti mbele yetu: lile lenye maelezo kamili, ataliombea barua wilayani liachwe. Ila maelezo yawe kamili kweli: vipimo, mchoro, picha, na neno la mtu aliyeliona likiwaka.

"Bila neno hilo, ndugu mwenyekiti, wakubwa wataniambia nimewachorea kichuguu."

"Sawa," mwenyekiti akajibu. "Trekta likikuta karatasi, litazunguka. Likikuta porojo, litapita juu yake."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika. Nilikuwa nimenawa mpaka magoti, na baridi yetu mnaijua ilivyo. Mpimaji alihitaji mtu wa kumshikia ncha ya tepu, na tulisikia kwamba akimpenda huyo mtu atakwenda naye mpaka vijiji vingine, kiangazi chote, ndani ya Landrova. Mimi usiku ule nilishafika kijiji cha Kate na kurudi, kichwani mwangu.

Akanipa ncha. "Shika hapo kwenye ukingo wa mlango, binti. Usiachie."

Nikashika. Yeye akazunguka upande wa pili, tepu ikanyooka, na mimi nikainua macho juu kuangalia jinsi ukuta ulivyopanda. Nikawaza jinsi nitakavyokaa dirishani, watu wa Kate waseme, "Nani yule?" Nikawaza hata nguo. Kumbe mkono umeshalegea. Tepu ikanichomoka, ikaruka kama nyoka, ikampiga mpimaji kwenye miwani.

Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Alifuta miwani yake, akasema, "Tepu inataka mtu asiyeota ndoto, mwanangu." Kisha akamwangalia dada yangu, aliyekuwa amesimama pembeni ametulia kama picha ya kanisani. "Wewe, hebu jaribu."

Akajaribu. Tepu ilishikwa ikashikika.

Jamani, wivu una mikono. Ulinikamata nikaanza kumtafutia kasoro, nisipate hata moja. Dada alikuwa na kila kitu ambacho mtu angetaka: shingo, mwandiko wa kulala upande mmoja, na Kiswahili cha redioni, wakati mimi Kifipa kilikuwa kinanitoka puani. Akisoma namba kwenye tepu, anasoma kama anasali. Mpimaji anasema, "Vizuri sana." Anarudia tena, "Vizuri sana." Nilihesabia kila "vizuri sana" kuwa imechotwa kwenye kapu langu.

Wazee walikuja kutazama. Tepu ilipozungushwa kiunoni mwa ilungu, mmoja wao, jirani yetu mwenye maneno, alipiga makofi.

"Lo! Bibi arusi anapimwa kiuno mbele za watu!"

"Anashonewa gauni," mwingine akadakia.

"Kwa umri huo? Mwacheni mama wa watu apumzike!"

Mpimaji akauliza kwa nini wanaliita bibi arusi, wakaanza kuangaliana. Walijua ni la kuimbiwa arusi, walisikia hivyo, lakini wao walikuwa watoto. Wale waliofanya kazi pale wamekufa, au wamehamishiwa mbali. "Muulize bibi wa hawa wasichana," jirani akasema. "Mumewe ndiye aliyekuwa fundi mkubwa."

Basi wakaenda kwa bibi, mpimaji na dada, mimi nikiwafuata nyuma kama mkia. Bibi alikuwa uani anapeta ulezi. Walimwamkia, akaitikia vizuri, akawapa vigoda. Dada akafungua karatasi.

"Bibi, tunaomba utueleze, tanuru lile lilijengwa lini na lilitumika namna gani?"

Bibi hakuinua macho. Alipeta, makapi yakamrukia mpimaji kwenye suruali.

"Kamuulizeni mwenyewe. Ana mdomo mpana kuliko wangu."

"Bibi, ni kwa ajili ya serikali."

"Hata serikali ikamuulize mwenyewe. Mimi simsemei."

Wakabembeleza, wapi. Mpimaji akaondoka na karatasi nyeupe, na jioni mwenyekiti akapita akitangaza kwamba trekta limeshatoka mjini, liko kijiji cha jirani. Nikalitazama ilungu langu kwa mbali, nikaliona limeshakuwa mabonge.

Lakini niseme ukweli, hata huzuni ile ilichanganyika na kitu kitamu: dada ameshindwa. Nilikaa jikoni kwa bibi, huku nalia kwa ajili ya ilungu, huku nafurahi kidogo, na vyote viwili vinagombania kifua kimoja.

Bibi alikuwa anasonga ugali. "Na wewe una nini? Umevimba kama chura wa masika."

"Sina kitu."

"Una kitu."

"Yeye ndiye anayeshika tepu," nikasema, na machozi yakaja yenyewe. "Anashika tepu, anapigwa picha, atapanda Landrova. Na mimi ndiye ninayelipenda lile ilungu. Yeye hata hajawahi kulala ndani yake!"

Bibi akaacha mwiko ndani ya chungu. Akacheka, lile cheko lake la pumzi bila sauti. "Ee, mjukuu wangu. Wivu huo. Mimi naujua mpaka harufu yake."

"Ulimwonea nani wivu, bibi?"

Aliuchomoa mwiko kwenye ugali. Halafu akaelekeza mwiko huko shambani.

"Si yule pale. Mke mwenzangu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akaniambia kwamba alipoolewa, alikuwa msichana kama mimi, na kiangazi cha kwanza tu babu akamuaga: anakwenda kuoa. Wanaume walihamia kambini kule kwenye ilungu, na mwiko wa kazi ile ulikuwa kwamba mwanamume asirudi kwa mkewe mpaka chuma kitoke. Wakalipaka ilungu unga wa ulezi, wakalipamba maua, wakaliimbia nyimbo zilezile walizomwimbia yeye alipoletwa. Zilezile! Na yeye alikatazwa hata kusogea. Alikuwa anapeleka chakula, anakiweka kwenye jiwe, anageuka bila kuangalia nyuma.

"Mimi niliangalia," bibi akasema. "Kila siku niliangalia."

Nikamkumbatia na unga wake mikononi. Kumbe tulikuwa ndugu wa ugonjwa mmoja. Nikamwomba aje ayaseme hayo kwa mpimaji. Akakataa. Nikamwambia, "Bibi, basi usimsemee. Njoo umseme." Hapo macho yake yakabadilika.

Asubuhi nilimshika mkono tukaenda, yeye na fimbo yake na kitenge cha kanisani. Njiani nililiwaza lile jambo: nimeshalipata neno mimi, ningeweza kumpelekea mpimaji peke yangu, aniambie "vizuri sana" moja tu. Lakini neno lilikuwa la bibi. Na mwandiko wa kuliandika ulikuwa wa dada.

Mpimaji alikuwa anafunga vitu vyake kwenye Landrova. Bibi hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya mlango wa ilungu, ambapo alikuwa hajawahi kukanyaga maisha yake yote, akaegemea fimbo.

"Wewe," akasema. "Umezeeka vibaya."

Wazee wakaguna kwa raha. Jirani akasema, "Mwambie, mama!"

"Unafikiri nimesahau? Ulininyima mume, nikiwa sijamaliza hata mwezi wa bibi arusi kupikiwa. Walikujaza makaa na mawe kwa ngazi, wakakuziba mlango, ukapumua wewe na matundu yako bila hata kupuliziwa kwa mivukuto, ukajidai. Nilikuwa nauona moshi wako kutoka kule juu, najua leo mume wangu anacheka nawe. Na mimi nalala na mbwa!"

"Dada, andika," mpimaji akanong'ona. Dada alikuwa anaandika, karatasi inachanika kwa haraka. Mpimaji akauliza polepole: mawe yalitoka mlima gani, mkaa wa mti gani, nani aliruhusiwa kukaribia. Bibi alijibu kila kitu, lakini jibu lake lote alilielekeza kwa ilungu, kama watu wanaogombana kisimani.

"Na chuma kilipotoka?" mpimaji akauliza.

Bibi akahamishia fimbo mkono wa pili. "Jembe la kwanza mume wetu alileta kwangu. Akaniambia, shika, huyu ni mtoto wenu. Mtoto wa mwenzangu! Nikamtazama hivi. Nikaenda kulimia matuta yangu. Lilikuwa jembe zuri." Akapangusa pua. "Nikalilea."

Mwenyekiti alikuwa amefika katikati ya maneno hayo, ameshika kofia yake mkononi. "Sasa mama, huyu mwenzako aliyekutesa hivi, si bora trekta likuondolee?"

Bibi akageuka mwili mzima, na fimbo juu.

"Limwondoe nani? Mumewe amekwenda, mimi nimebaki naye huyu. Mkimvunja nitagombana na nani, na wewe?"

Wazee walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwenyekiti akacheka pia, akasema basi, basi, karatasi ameiona.

Trekta lilikuja na lilizunguka. Dereva alinung'unika, lakini alizunguka, na mahindi yakapandwa duara kulizunguka ilungu, kama watu waliosimama kumtazama mcheza ngoma.

Na dada alipanda Landrova. Nilimsaidia kubeba mfuko wake, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Alikwenda Kate na kwingine, akarudi wiki kadhaa baadaye mweusi kwa jua, anasema "mchoro wa pembeni" na "mchoro wa juu," nami nikisikiliza huku najibana kucha kwenye kiganja. Alituletea picha ya siku ile bibi aliposema. Ilungu liko katikati, bibi upande mmoja amenuna, dada upande mwingine na karatasi zake. Mimi simo. Nilikuwa nyuma ya mpimaji aliyekuwa anapiga, nimeshika fimbo ya bibi kwa sababu hakutaka kupigwa picha nayo. Nyuma ya picha yameandikwa majina yao wawili, kwa mwandiko ule unaolala upande mmoja. Bibi aliipachika ukutani karibu na rozari yake, na kila nikiingia mle ndani nilikuwa nalisalimia pale pichani tundu moja la upepo ambalo hakuna mtu amesimama mbele yake, kama ndiyo nafasi yangu.

Mvua za kwanza zilipoanza, nilipita shambani peke yangu. Nikaona kwenye ukingo wa mlango wa ilungu pameng'oka kipande kama mkate. Huenda ni jembe la trekta lilipopita karibu, huenda ni maji. Kipande kiko chini, kizima. Kwenye michoro ya dada ukingo ule haukuwa na kasoro. Nilisimama nao muda, mimi na ubaya wangu, nikifikiria kwamba sasa vipimo vyake havisemi kweli tena.

Kisha nikaenda kwenye kichuguu kilicho karibu na njia, nikachimba udongo kwa kijiti, nikauponda na maji ya mvua mpaka ukawa laini kama unga wa uji. Nikapaka kwenye jeraha, nikakirudisha kipande mahali pake, nikakishikilia kwa viganja vyote viwili. Mvua ilianza tena. Nikasogea, nikakinga mgongo wangu ili maji yasifike pale, na safari hii sikuota kitu chochote. Nilishika tu, mpaka udongo ukashika.