Jongoo wangu na kelele ya Rehema

Huku ughaibuni, Brooklyn Park nzima hakuna mwanaume anayeogopwa na jongoo kama mimi. Bisheni!

Walikuwa wanatafuna miche yangu ya mchicha hapo nyuma ya nyumba.

Jana nikalaza ubao uliolowa katikati ya bustani. Leo asubuhi nikaufunua: wamejazana chini yake, wembamba kama tambi. Nikawazoa wote kwenye kopo.

Hapo shetani akaninong'oneza: mpigie Rehema video.

Rehema ni mdogo wangu, yuko Tanga. Zamani nikimsogezea jongoo alikuwa anapiga kelele mpaka mama anatoka na mwiko kunifukuza. Nilimwacha ana miaka saba.

Akapokea. Nikambandikia kopo kwenye kamera.

Akasogeza uso kutazama.

"Kaka, hao ndio jongoo? Mbona wamekonda hivyo? Ondoa hayo majani yaliyooza, na umwagilie asubuhi, siyo jioni. Watahama wenyewe."

Sauti imekomaa kabisa. Eti ananifundisha mimi, bingwa!

Haya, chekeni.

Jongoo nimewaweza, mchicha umepona.

Ila jamani, nilipiga nisikie ile kelele yake, na haikuja.