Shamba Safi la Fauzia

Tuseme ukweli tangu mwanzo: Fauzia alikuwa na wivu, na wivu wenyewe haukuwa wa mume. Ulikuwa wa mchicha.

Alikuwa mwanamke wa Lushoto, mkoani Tanga, mwenye miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka tisa alilima kiwanja kitupu pale Troyeville, jijini Johannesburg, kwenye mteremko nyuma ya gereji iliyofungwa. Mchicha na matembele yake aliyapeleka Fordsburg kwa Seif, Mzanzibari mwenye mgahawa. Mwezi wa Ramadhani Seif alinunua kila siku, na Ramadhani hiyo ndiyo iliyomvusha Fauzia mwaka mzima: kodi ya chumba, na chochote cha kumtumia mama yake kijijini.

Shamba lake lilikuwa safi, na kwa usafi usimchezee. Fauzia alifagia. Kila jani lililodondoka aliliokota, akalichoma pembeni, udongo ukabaki mwekundu na mtupu kama ua la nyumba. Ndivyo alivyomwona baba yake akifanya. Kwao, mwenye takataka shambani ni mvivu, na wapita njia humsema.

Kisha akaja Victorine, Mkongomani wa Uvira, msusi wa nywele kule Malvern, akaomba kipande cha juu kilichojaa magugu, ambacho hakuna aliyekitaka. Fauzia mwenyewe ndiye aliyemwonyesha bomba la maji. Victorine hakufagia hata siku moja. Alizoa nyasi zilizokatwa kwenye bustani za watu, akazileta kwa magunia na kuzitandaza juu ya matuta mpaka udongo usionekane.

Fauzia alicheka akashika mbavu. "Mwanangu, hili ni shamba au malazi ya mbuzi?"

"Mama, kwetu tunafunikaka udongo, kusudi maji isikauke," alijibu Victorine, naye akicheka.

Kicheko cha Fauzia kiliisha Desemba. Lenga-lenga, ndivyo Wakongomani wanavyouita mchicha, za Victorine zilimfika kiunoni, majani mapana kama kiganja cha mwanamume. Mchicha wa Fauzia uligota magotini, na kila mchana ulinywea. Akila, anayaona majani yale. Hata kwenye sala yalimpitia machoni, astaghfirullah.

Februari, wiki mbili kabla ya Ramadhani, Seif alipiga simu. Amesikia kuna Mkongomani mwenye mboga nzuri, na ameshaongea naye. Jumamosi atakuja aone mashamba yote mawili, achukue kwa mmoja, maana hana muda wa kuzunguka. Miaka tisa! Fauzia alibaki na simu mkononi, roho inamuuma, anamchukia Victorine kama mtu aliyemvunjia nyumba.

Ijumaa asubuhi Victorine alikuwa na bibi harusi wa kumsuka. "Mama, uniangaliye shamba leo," alisema, akakimbilia teksi kwenye robot, zile taa za barabarani.

Fauzia akashika reki. Alijiambia anamsafishia mwenzake, Seif asije akakuta uchafu. Alijua anajidanganya. Alitaka jua likaange mizizi ile, mgeni akute majani yamelala chali. Alikomba nyasi zote. Angezichoma, lakini za chini zilikuwa na unyevu, basi akazijaza magunia manne, akayafunga midomo kwa vipande vya kanga yake kuukuu na kuyasukuma chini ya bati la gereji. Akasimama kutazama matuta yaliyo uchi, akafurahi. Ndiyo, alifurahi, tusimpambe.

Saa tisa mchana wingu likafika. Mvua ya Johannesburg haipigi hodi: nusu saa tu, maji na mawe ya barafu. Akiwa amejibanza chini ya bati kando ya magunia, Fauzia aliona kipande cha juu kikianza kutembea. Udongo ulishuka umebeba lenga-lenga na mizizi yake, nao haukuwa na njia nyingine ya kushukia ila shamba lake. Mchicha ukazama, matembele yakazama, matuta yote yakawa tope moja jekundu.

Rangi ile aliijua. Baba yake naye alifagia. Mabwana shamba walipokuja kumwambia aache majani yakae ardhini na achimbe makinga maji, aliwafukuza. Mvua za miaka mitatu zikaupeleka udongo wote mtoni, yakabaki mawe na njaa, na watoto wakatawanyika. Miaka yote hiyo Fauzia alisimulia watu kwamba walirogwa na jirani mwenye husuda.

Jumamosi Victorine alifika wa kwanza. Alilitazama tope, akaweka mikono kichwani. Kisha akayaona magunia.

"Mama! Uliokoa majani yangu ya kufunika!" Alimkumbatia huku machozi yanamtoka. "Mvua inakuya, na wewe unawaza ya kwangu mbele ya yako? Aksanti, mama. Aksanti sana."

Seif akatokea, akiinua kanzu asiipake tope.

"Papa Seif," Victorine alimwambia, "leo hakuna kitu. Lakini kazi umupe huyu mama. Majani iko, tutafunika, tutapanda upya. Miye nitamusaidia."

Seif alitazama huku na huku, akatikisa kichwa. "Haya, Bi Fauzia. Kumi la mwanzo la Ramadhani n'tanunua sokoni. Kumi la pili nakungoja weye."

Basi. Alichokitaka amekipata, kilichobaki ni kunyamaza. Fauzia aliangalia vipande vya kanga yake kwenye midomo ya magunia, vimekazwa vizuri, vikavu. Ghadhabu ikampanda, maana binti huyu alimshinda hata hapa, penye tope, ambapo hakuna wa kumshinda mwenzake.

"Sikuyaokoa," alisema. "Niliyakomba mimi, asubuhi, hakuna hata wingu."

Seif aliinamisha macho. Victorine alichelewa kuelewa, na alipoelewa mikono yake ilimshuka taratibu kutoka mabegani mwa Fauzia.

"Ulinionea wivu, mama?"

"Mpaka sasa nakuonea."

Victorine alilivuta gunia la kwanza, akahangaika na fundo la kanga, likamshinda. Fauzia akapiga magoti kwenye tope na kumfungulia.