Shorewanda Juu ya Mgunga

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki akilini. Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na diploma yangu ya kuongoza watalii, diploma niliyojilipia kwa kuosha vyombo hotelini, bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaani Huruma, hapakuwa na mwingine mwenye nayo. Najisifu, ndiyo. Niache nijisifu, nimeitolea jasho.

Kampuni moja ya safari ilitaka mwongozaji wa watazamaji ndege. Nafasi ilikuwa moja tu, nami nilishamwahidi mama kwamba nikiipata tutahama kile chumba chetu kinachovuja. Asubuhi ya usaili, sisi waombaji tukapelekwa mbugani nje ya jiji, darubini shingoni. Aliyetupima alikuwa Mzee Mutiso, mwongozaji mkongwe asiyecheka ovyo.

Akatuonyesha ndege aliyekuwa akiimba juu ya mgunga. "Huyo ni nani? Na umemjuaje?"

Jua lilikuwa nyuma ya ndege, kwa hiyo tuliona kivuli cheusi tu. Kamau, mwombaji mwenzangu wa mtaa wa Donholm mwenye maneno mengi, akataja upesi ndege adimu wa kaskazini. Wengine wakashindana kutaja walio adimu zaidi. Mimi nikaanza kuuzunguka mti.

"Wewe, unaenda wapi? Wenzako wameshajibu."

"Naenda kuweka jua mgongoni, Mzee."

Nilikwenda polepole, kwa mbali, asije akaruka. Upande wa pili rangi zikajitokeza: kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, mgongo wa kahawia, na chini ya mkia manjano, kama aliyekalia kiini cha yai. Kumbe! Ndege huyu hula mapapai nyuma ya ploti yetu kila siku! Nilitamani kutaja mwingine, mwenye hadhi ya diploma yangu. Lakini ile manjano nilikuwa nimeiona.

"Ni shorewanda," nikasema, nikaeleza nilichokiona.

Kamau akaangua kicheko. "Wee diploma! Ulienda majuu kusomea ndege wa Huruma?"

Mzee Mutiso akamgeukia. "Wewe, mkia wake umeuona?"

"Aah, Mzee, hili jua..."

"Basi nyamaza. Mgeni atakulipa umwonyeshe ndege aliye mtini, si yule unayemtamani."

Kazi nikapewa mimi, na mama akahama. Leo nina kampuni yangu mwenyewe. Kamau ndiye dereva wangu bora, na mdomo wake bado haujapumzika.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kumtambua ndege, usikimbilie jina. Zunguka mpaka jua likupige mgongoni, tazama kichwa, tazama mkia, sikiliza anavyoimba, ndipo useme. Ukimkuta ni wa kawaida, mtaje kwa sauti ile ile ambayo ungemtaja nayo aliye adimu. Anza na hao walio juu ya paa la jirani, hapo hakuna kiingilio.

Mungu akupe macho yenye subira na kinywa kisichoona haya kusema kilichopo. Akufikishe mbali, mwanangu, kuliko nilikofika mimi.