Mashavu Hayanywi Divai

Mtu asikudanganye kwamba urembo wa bei ya chini ulianza juzi na hawa wasichana wa siku hizi. Sisi wa Gesima tuliujua zamani, miaka ile uhuru ungali mpya na majani ya chai ndiyo kwanza yameanza kupandwa mlimani kwetu. Na uso wa kwanza kujaribiwa ulikuwa wangu. Naudhika mpaka leo, maana hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Dada yangu mkubwa alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mrefu, mpole, tena mwenye mchumba. Mchumba alikuwa mtu wa Marani, karani katika ofisi moja mjini Kisii, na alivaa tai hata alipokuja kukanyaga tope la kwetu. Dada alimpenda hadi akawa hafai kwa kazi yoyote ya nyumbani. Ukimtuma chumvi, analeta kiberiti. Mimi nilikuwa bado mtoto wa shule, na kazi alizoziharibu yeye nilizirudia mimi.

Kilichomkosesha amani ni kwamba mle ofisini kulikuwa na wapiga taipu wenye midomo myekundu. Kijana mwenyewe ndiye aliyemsimulia, tena kwa kuwasifu, mjinga yule. Urembo wote wa dada ulikuwa mafuta ya kujipaka na kitana. Akawa anajitazama kwenye kipande chetu cha kioo na kuguna.

Halafu palikuwa na mama ya huyo kijana, Msabato wa kupindukia. Sisi pia ni Wasabato, lakini yule mama alikuwa Msabato hata siku ya Jumanne. Watu walisema alishamkataa msichana mmoja kwa sababu ya kunyoosha nywele kwa kitana cha moto, na mwingine kwa sababu alicheka kanisani. Sasa alikuwa ametuma habari kwamba atakuja na mwanawe kusali nasi Sabato ya Meza ya Bwana. Hakusema anakuja kumtazama dada yangu. Kwetu hakuna anayesema hivyo. Mtu anakuja kusali tu, anakunywa chai, anaangalia kama jikoni kumefagiwa, anaenda zake, na jibu mtalisikia baadaye. Dada alijua kwamba siku hiyo moja ndiyo ingemfanya bibi arusi au imrudishe kwa watoto wa darasa la kwanza akilia.

Kwa hiyo alihitaji uso mmoja ufanye kazi ya nyuso mbili.

"Nitapaka kidogo tu," aliniambia. "Kiasi cha yeye kuona na mama yake asione."

Tulishuka mjini hadi duka la dawa la Mhindi mmoja mzee. Rangi za watu wenye pesa zilikaa ndani ya kabati la kioo, zimepangwa vizuri. Rangi za watu kama sisi zilikuwa kwenye kikapu juu ya kaunta, kando ya dawa ya minyoo. Dada alichagua lipstiki moja nyekundu yenye kifuniko cha plastiki kilichopasuka. Yule mzee akainua kidole.

"Hii moja, kazi mbili, mama. Paka mdomo, paka shavu. Haitoki!"

Sisi tulidhani anaisifu.

Ijumaa alasiri dada akanivuta nyuma ya migomba, akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisema mtu hawezi kujipaka kitu asichokijua mbele ya mama mkwe, ni lazima kwanza kijaribiwe. Nikamwambia akakijaribu kwa mbuzi. Akanishika kidevu. Ile rangi ilinukia waridi na mafuta ya taa kwa pamoja. Akanipaka mdomo, akanipaka mashavu, akarudi nyuma kunitazama, kisha akacheka hadi akashikilia mgomba. Kujiangalia kwenye kioo, nikaona kichwa changu mwenyewe na mdomo wa mtu mwingine.

"Unapendeza," akasema, na machozi ya kicheko yanamtoka.

"Nitolee hii takataka!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jua lilikuwa linashuka, na jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, lazima wote muwe mmeoga na mmekaa kwa sala. Tukajaribu sabuni ya kipande. Tukajaribu majivu. Tukajaribu gunzi la mahindi, na hapo nilipiga ukelele. Mashavu yalikubali kidogo kidogo kwa mafuta ya kujipaka. Mdomo ulikataa kabisa. Kadiri dada alivyosugua, ndivyo ulivyozidi kung'aa, na sasa ulikuwa umevimba pia.

Mama alikuwa jikoni akichemsha zabibu kavu. Yeye ndiye shemasi aliyepika divai ya Meza ya Bwana, ile isiyo na kileo, na siku hiyo hakutaka kusemeshwa na mtu. Nilipoingia, aliinua macho.

"Wewe umekula nini?"

"Chinkenene," dada akajibu mbio kabla sijafungua mdomo.

Chinkenene ni matunda madogo ya mwituni yanayoota kwenye nyua za njiani. Hakuna mtoto wa Gusii ambaye hajawahi kurudi nyumbani na mdomo mwekundu kwa sababu yake. Mama alinitazama tena, akazitazama zabibu zake zinazotaka kuungua, akachagua zabibu.

Nilidhani dada atakuwa amepata akili. Wapi! Asubuhi ya Sabato nikamkuta na kioo tena, anajipaka kwa ncha ya kidole, mashavuni tu, anasambaza, anafuta, anasambaza. Kusema kweli alitoka vizuri. Ungedhani ametoka kupanda mlima.

"Umeona mdomo wangu ulivyo, na bado unapaka?" nikamwambia.

"Mdomo ndio hatari. Mdomo utagusa glasi," akasema kwa utulivu wa mwalimu. "Mashavu hayanywi divai."

Tukawakuta wageni mlangoni mwa kanisa. Kijana na tai yake. Mama yake mfupi, kitambaa cheupe kichwani, macho madogo yasiyopumzika. Alimsalimu mama, akamsalimu dada, kisha macho yakatua juu yangu na hayakuondoka.

"Sabato njema, mtoto wangu. Na huo mdomo?"

"Nilikula chinkenene."

"Mwezi huu?" akasema. "Mwezi huu chinkenene bado ni maua." Akaingia ndani.

Sasa, asiyejua mambo yetu aelewe hivi. Kabla ya Meza ya Bwana watu hutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Wanaume walibaki kanisani, wanawake wakaenda kwenye darasa la shule iliyo jirani. Sisi wasichana ambao hatujabatizwa tulibeba maji ya uvuguvugu. Mtu anachagua anayetaka kumwosha, na anayeoshwa hana ruhusa ya kukataa. Mgeni alichukua beseni, akavuka darasa zima, akapiga magoti mbele ya dada yangu.

Dada akavua viatu. Yule mama alimwosha mguu wa kwanza, akaugeuza, akatazama kisigino. Akaosha wa pili, akaugeuza vilevile. Mimi nilielewa: alikuwa anatafuta shamba. Na shamba lilikuwepo, maana dada alichuma chai kila likizo na visigino vyake vilikuwa na nyufa za kuficha mbegu. Yule mama akaguna kwa kuridhika. Nikasema moyoni, asante Mungu, tumevuka.

Lakini kwetu kulikuwa na desturi nyingine, ambayo kina mama wazee walikataa kuiacha. Mkishaoshana miguu mnakumbatiana, na mkubwa anambusu mdogo shavuni, busu takatifu. Na wale wazee hawakubusu kwa kugusa, walibusu kwa nguvu, ili Mungu asikie. Yule mama akamshika dada kichwa kwa mikono miwili, akambandika busu kwenye shavu la kulia. Alipoachia, shavu la kulia lilikuwa limerudi rangi yake, na mdomo wa mama ya mchumba ulikuwa kama wangu.

Na kutoka hapo hadi mwisho wa Meza ni kimya. Hakuna kunong'ona, hakuna kugusana. Nilimkodolea dada macho hadi yakauma. Yeye akadhani nimeguswa na Roho, akanitabasamia.

Tuliporudi kanisani, mkate ukapita. Divai ikapita. Glasi ndogo zikarudi kwenye sinia, mzee wa kanisa akaanza kuzifunika kwa kitambaa cheupe, kisha akasimama. Akainua glasi moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Ndugu, kuna aliyeumia mdomo?" akauliza kwa huruma, kwa Kigusii chetu.

Akaisogeza glasi puani. Uso ukabadilika. Akaacha Kigusii, akaanza Kiswahili, na mzee yule akitumia Kiswahili tulijua kuna kesi.

"Hii si damu. Hii ni lipstiki. Nani ameleta lipstiki katika Meza ya Bwana?"

Jamani! Upande wa wanawake wote walimeza midomo yao. Mama yangu alishika kifua, akidhani ni divai yake inayoshtakiwa. Mzee akapitisha macho benchi baada ya benchi. Yakafika kwangu, yakasita, yakapita, maana watoto hatukunywa. Yakaenda benchi la wageni mbele, na hapo yakagota.

Kanisa zima likageuka. Hata mimi niliyejua, niliogopa. Yule mama aliona anatazamwa. Akagusa mdomo wake kwa kidole, akakiangalia kile kidole. Kisha, polepole, akageuza kichwa hadi alipomwona dada yangu, mwenye shavu moja la kupanda mlima na shavu moja la kawaida.

Dada alikuwa ameshaanza kuinuka. Nilijua anakwenda kusema ukweli mbele ya watu wote na kupoteza kila kitu, kwa sababu ndivyo alivyo, hajui kudanganya kwa ajili yake mwenyewe. Nilimhurumia.

"Keti, mwalimu," yule mama akasema. Kisha akamgeukia mzee. "Ni chinkenene, mzee wangu. Nimekula njiani."

Mzee alikuwa mkulima, anajua misimu. "Mwezi huu, mama?"

"Huko Marani zimewahi kuiva."

"Lakini zinanukia waridi."

"Za kwetu ndivyo zinavyonukia."

Mzee akapata mlango mwingine. "Basi umechuma matunda siku ya Sabato?"

"Hata wanafunzi wa Bwana walichuma masuke siku ya Sabato," akasema yule mama, ameshika Biblia yake kifuani, "na Bwana mwenyewe akawatetea. Nikusomee?"

Mzee hakutaka kusomewa. Aliifunika ile glasi, akatangaza wimbo wa kufunga, na watu wakaimba kwa sauti ambayo sijaisikia tena kanisani pale.

Chakula cha mchana hakikumezeka nyumbani kwetu. Yule mama alikula ndizi zetu, akasifu mboga, akaangalia jiko, hakugusia habari ya ile glasi. Dada alihudumia meza akiinamisha kichwa, anageuza upande wa kulia, anageuza upande wa kushoto, hajui afiche shavu lipi. Na yule kijana, ambaye tulihatarisha roho zetu kwa ajili yake, alimtazama kwa makini mara moja tu, wakati wa chai.

"Unaumwa?" akamuuliza. "Naona una homa upande mmoja."

Ningekuwa mimi ndiye mchumba, birika lingemwagika juu ya ile tai.

Jioni, jua lilipokuwa linakaribia kuzama, mama akanituma niwasindikize hadi barabarani na kuubeba mkoba wa mgeni. Kijana alitangulia. Yule mama alitembea taratibu, kisha akasimama kwenye ua wa njiani, akavuta tawi moja lenye miiba. Lilikuwa limejaa maua meupe.

"Chinkenene zenu zimechanua vizuri," akasema. "Wewe zako uliziokota wapi?"

Sikuona faida ya kuendelea. "Duka la dawa, Kisii. Kwenye kikapu, kando ya dawa ya minyoo."

Akatoa leso, akasugua mdomo. Leso ikabaki nyeupe na mdomo ukabaki mwekundu.

"Haitoki," akasema.

"Ndiyo. Mwenye duka alituambia."

Akaanza kucheka, kicheko cha chini, mabega yanaruka, akanishika bega asianguke. Mwanamke aliyemkataa msichana kwa kucheka! Alipotulia, alichukua mkoba wake.

"Mwambie mkamwana wangu nimemharibia shavu la kulia. Siku ya arusi apake tena."

Sikungoja hata kuaga. Nilipanda kile kilima mbio, nikipiga kelele neno moja tu, mkamwana, mkamwana, hadi dada akatoka jikoni na kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Nilipomweleza, alikaa chini palepale kwenye nyasi, akalia kwa sauti, na machozi yakateremka kwenye shavu la kushoto bila kuitoa ile rangi hata kidogo.